Tengeneza katriji ya Game Boy ya kilobaiti 32, na uisome nembo kabla ya kuilaumu chipu

Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi ya Nintendo, ilitoka Japani mwaka 1989, na kati ya mashine za zamani nilizowahi kuzitengenezea katriji (kaseti ya mchezo inayochomekwa), hakuna iliyo rafiki kwa mwanafunzi kama hii. Nyaya zote za anwani na za data zinafika wazi kwenye pini 32 za mdomo wa katriji. Ndani ya katriji haidai chipu ya kufuli. Na husoma taratibu kiasi kwamba chipu ya flashi (kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika) inayojibu kwa nanosekunde 70 haioni taabu hata kidogo.

Najua wengi mnataka kuanzia kwenye katriji kubwa yenye kadi ya kumbukumbu na menyu ya michezo mia. Nakusihi uanze na hii ndogo: chipu moja, kapasita moja, kilobaiti 32. Ikikataa kuwaka, mashine yenyewe itakuchorea kwenye kioo, kupitia nembo ya Nintendo inayoonyesha ikiwaka, ni waya gani umeachia, na nitakuonyesha namna ya kuusoma mchoro huo.

Hatua ya 1: Pata mchezo unaoenea

Bila chipu ya kugeuza kurasa za kumbukumbu, Game Boy huona anwani 0x0000 hadi 0x7FFF tu za katriji (0x maana yake namba ya msingi wa 16). Hizo ndizo kilobaiti 32 zako. Fungua faili la mchezo kwa programu ya kuonyesha baiti, uangalie anwani 0x0147: iwe 00, maana yake mchezo hautegemei chipu ya ziada. Na 0x0148 nayo iwe 00, maana yake ukubwa ni kilobaiti 32.

Ukiandika mchezo kwa GBDK-2020, vifaa vya kuandikia michezo ya Game Boy kwa lugha ya C, bila kugusa mipangilio ya kurasa, utapata faili la aina hiyo. Michezo ya GB Studio, programu ya kuunda michezo bila kuandika msimbo, haitaingia, kwa kuwa hutegemea chipu ya kurasa iitwayo MBC5. Ukitumia RGBDS, vifaa vya kuandikia kwa lugha ya asembli, malizia kwa amri hii:

rgbfix -v -p 0xFF mchezo.gb

Sehemu ya -v huweka sawa nembo na hesabu za ukaguzi, na -p hujaza nafasi iliyobaki. Weka mchezo wako mwenyewe, au wa mtu aliyeruhusu usambazwe. Waandishi wa michezo mipya ya mashine hii ni wachache, na kazi yao inastahili heshima.

Hatua ya 2: Vifaa

Chipu ninayoipenda ni SST39SF010A, ya kilobaiti 128, yenye umbo la PLCC la miguu 32. Yenye miguu mirefu ya kupenya bodi ni nene mno, kasha halitafunga. Usidanganyike na ukubwa wa kilobaiti 128, tutatumia robo yake.

Jambo ambalo halina mjadala kwangu ni volti. Game Boy hulisha katriji volti 5, na chipu hii imeundwa kwa volti 5. Katriji nyingi za bei rahisi hubandikwa chipu za volti 3.3 moja kwa moja, bila kitu cha kushusha umeme. Zinaweza kuwaka leo na kesho, lakini chipu inaishi nje ya mipaka iliyoundiwa, na mashine isiyotengenezwa tena si mahali pa kujaribia bahati.

Bodi unaweza kuichora kwa programu ya KiCad na kuagiza itengenezwe. Unene uwe milimita 0.8, na pini zipakwe dhahabu, siyo lehemu. Lehemu ni laini, hukwanguka na kubaki ndani ya mdomo wa mashine. Ongeza kapasita ya nanofaradi 100, flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike), mita, na bisibisi maalumu ya milimita 3.8 ya kufungulia makasha ya Nintendo. Ukitafuta kasha, usivunje katriji nzima ya zamani inayofanya kazi. Makasha mapya matupu yapo.

Utahitaji pia kifaa cha kuandikia. Mimi hutumia GBxCart RW pamoja na programu ya FlashGBX.

Hatua ya 3: Unganisha nyaya

Pini 1 ya katriji ni umeme wa volti 5, pini 32 ni graundi. Pini 6 hadi 21 ni anwani A0 hadi A15, na pini 22 hadi 29 ni data D0 hadi D7. Pini 3 ni ishara ya kuandika, pini 4 ni ishara ya kusoma.

A0 hadi A14 za mashine zinakwenda moja kwa moja kwenye A0 hadi A14 za chipu, na data kwenye data. Pini 4 inakwenda mguu wa 24 wa chipu, unaoruhusu data itoke. Pini 3 inakwenda mguu wa 31, unaoruhusu kuandika. Kapasita ikae karibu kabisa na mguu wa 32 na graundi.

Sasa tulia hapa. A15 ya mashine HAIENDI kwenye A15 ya chipu. Inakwenda mguu wa 22, ule unaoiamsha chipu ukiwa chini, yaani 0. A15 ikiwa 0, mashine inasoma katriji na chipu inaamka. Ikiwa 1, mashine inaongea na kumbukumbu nyingine na chipu inapaswa kunyamaza. A15 na A16 za chipu yenyewe, yaani miguu ya 3 na 2, ziunganishe na graundi.

Bodi yangu ya kwanza niliunganisha A15 kwa A15, na mguu wa 22 nikaupeleka graundi. Nembo ilishuka safi kabisa, ikalia ile "ding" yake, halafu kioo kikabaki cheupe. Siku mbili nilikuwa nalaumu mchezo. Kumbe kila mashine iliposoma kumbukumbu yake ya kazi, chipu yangu nayo ilijibu kwenye nyaya zilezile, sauti mbili kwa mpigo. Nembo haikuathirika kwa sababu hatua ile ya kuwaka haihitaji kumbukumbu hiyo ya kazi.

Hatua ya 4: Lehemu

Paka flaksi, shika kona moja kwa lehemu, kagua kwamba miguu yote imekaa juu ya vidole vyake (vipande vya shaba vya bodi), kisha shika kona ya pili. Baada ya hapo pitia pande nne. Safisha kwa spiriti, hasa pini za dhahabu. Usiziguse kwa lehemu hata tone.

Hatua ya 5: Mita kwanza, mashine baadaye

Weka mita kwenye mlio. Pini 1 na pini 32 zisilie pamoja. Kisha pima kila pini na jirani yake: hakuna kulia. Mwisho pima kutoka kila pini hadi mguu wake wa chipu, ukiwa na karatasi ya orodha mkononi, ukigusa bega la mguu wenyewe na siyo kidole cha bodi, maana mguu unaweza kuelea juu ya lehemu bila kushikana nayo. Kazi hii inachukua dakika kumi, na sijawahi kuiruka bila kujuta.

Hatua ya 6: Andika mchezo

Chagua volti 5 kwenye kifaa, kisha iulize chipu jina lake. SST39SF010A hujibu BF na B5. Ukiona FF FF, huenda chipu haiamki: rudia miguu ya 22 na 24, na ikiwa chipu ni tupu, mguu wa 31 pia. Ukiona baiti zilezile unazopata ukisoma kawaida, amri haziifikii: tazama mguu wa 31.

Chipu hii haipokei baiti ovyo. Kila baiti moja hutanguliwa na funguo tatu: AA kwenye anwani 0x5555, 55 kwenye 0x2AAA, kisha A0 kwenye 0x5555. Anwani zote hizo ziko chini ya 0x8000, ndiyo maana tunaweza kuandika kupitia mdomo wa katriji bila kung'oa chipu. Na kwa sababu ya funguo hizo tatu, mchezo ukiandika kwa bahati mbaya kwenye eneo la katriji, hauharibu kitu.

Futa kwanza, kwa sababu flashi inajua kugeuza 1 kuwa 0 tu. Kurudisha 1 ni kazi ya kufuta. Soma uhakikishe kila baiti ni FF, andika, kisha linganisha na faili.

Hatua ya 7: Washa, na usome nembo

Mashine ikiwa imezimwa, chomeka. Washa.

Programu ya kuwashia husoma baiti 48 za nembo kutoka katriji, anwani 0x0104 hadi 0x0133, ikazichora kama ilivyozikuta. Inashusha, inalia, na baada ya hapo ndipo inazilinganisha na nakala yake. Kwa hiyo mlio si dalili ya uzima. Picha ndiyo dalili.

Mstatili mweusi mtupu maana yake data zote zinasomeka 1: chipu imelala, au pini ni chafu.

Nembo yenye nukta za ziada ndiyo zawadi. Kila baiti ina safu mbili za nukta nne: biti 7 hadi 4 ni safu ya juu, biti 3 hadi 0 ni ya chini yake. Nembo ina makundi 12 kwa upana. Waya wa data ulioachia kwa kawaida husomeka 1, yaani nukta nyeusi. Basi D7 ikiachia, utaona nukta kwenye ukingo wa kushoto wa kila kundi, mara 12, zikiruka safu moja moja kuanzia ya juu kabisa. Ikiwa ni D3, sura ni hiyohiyo ila inaanzia safu ya pili. Nukta zikiwa ukingo wa kulia, tafuta D4 au D0 kwa kanuni hiyo.

Mistari ikiwa ni ya nembo kweli lakini vipande vimehama mahali, acha nyaya za data, nenda kwenye anwani za chini, A0 hadi A5. Nembo safi na mashine ikaganda hapohapo: hesabu ya ukaguzi ya 0x014D si sahihi, rudi kwenye rgbfix. Mchezo ukianza vizuri kisha ukavurugika ukifika sehemu fulani, pima A14, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha nusu ya kwanza ya kilobaiti 16 na ya pili.

Hatua ya 8: Kasha, na bodi inayofuata

Funga kasha bila kukaza skrubu kupita kiasi.

Bodi ya pili ikiwa na MBC5, usiuache tena mguu wa kuandika kwenye pini 3, maana mchezo sasa unaitumia pini hiyo kuiamuru chipu ya kurasa. Wengi wetu huuhamishia pini 31, ya sauti ya nje, ambayo karibu hakuna mchezo unaoitumia, na FlashGBX inaijua njia hiyo. Ukiongeza betri ya kuhifadhia mchezo, nunua yenye vibati vilivyokwisha kuchomelewa. Usilehemu juu ya betri yenyewe, joto linaweza kuipasua.