Somo: Kuchagua prosesa ya kompyuta ya nyumbani, kwa joto letu la visiwani

Asalaam alaykum jamaa. Somo hili la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni la anayetaka kompyuta moja ifanye yote: watoto wa skuli, hesabu za duka, kukata video za harusi, na gemu usiku.

Hatua ya 1. Anza na kazi yako nzito kuliko zote. Kwa ofisi na masomo, Ryzen 5 7600 ya AMD yenye viini 6 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) inatosha na kubaki. Kwa video, panda hadi Ryzen 7 7700 yenye viini 8. Kwenye gemu mzigo mkubwa unabebwa na kadi ya grafiki, basi usimalize pesa kwenye prosesa.

Hatua ya 2. Tazama wati. Hapa naomba msome taratibu. Core i9-14900K ya Intel ikikazwa inaweza kula hadi wati 253. Hiyo 7700 imepangiwa wati 65, na kikomo chake ni 88. Sasa fikiria chumba cha Ng'ambo wakati wa kaskazi, dirisha moja na feni ya dari: joto lile litatoka vipi? Prosesa ikishika moto sana hujipunguza kasi yenyewe, nawe ushalipia kasi usiyoipata, na yuniti za umeme za Tukuza zinakwenda. Kwa maoni yangu, asiye na kiyoyozi achukue ya wati 65, pesa inayobaki aitie kwenye feni nzuri ya prosesa na UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika).

Hatua ya 3. Soma herufi ya mwisho ya jina la prosesa. Core i5-14400F haina grafiki ya ndani (ya kutoa picha bila kadi). Kadi ikifa, kioo kinabaki cheusi. Ile isiyo na F inakuvusha mpaka upate kadi nyengine.

Hatua ya 4. Soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). AM5 ya AMD, ya tangu 2022, inapokea Ryzen 7000, 8000 na 9000. LGA1700 ya Intel imeishia kizazi cha 14, hivyo baadaye ukitaka kizazi kipya utabadilisha na mazabodi.

MASWALI

*Wete:* Mwalimu, nina ramu za DDR4. Nizitumie kwenye AM5?

Hapana ndugu yangu, AM5 ni DDR5 tu. Tafuta Ryzen 5 5600 na mazabodi ya AM4, soketi ya kabla yake inayotumia DDR4. Ukinunua prosesa hiyo iliyotumika, igeuze utazame pini zake kwenye mwanga: zote zisimame sawasawa, na pasiwe na kutu ya kijani.

*Mwanakwerekwe:* Darajani nimeonyeshwa i7-6700 kwa bei nzuri. Si i7 inaishinda i3?

Dada, hiyo ni ya 2015. Zote mbili, hiyo i7 na i3-12100 ya kizazi cha 12, zina viini 4 na nyuzi 8 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), na i3 hiyo inaipita kwa kasi. Tena Windows 11 haiitambui rasmi i7 ya kizazi cha 6. Iache.

*Chake Chake:* UPS ya ukubwa gani?

Soma wati, usisome VA (volti-ampea, ile namba kubwa ya kwenye boksi). Jumlisha wati za prosesa, kadi na kioo, kisha uongeze kidogo.