Kumtunza paka mzee mwenye virusi vya lukemia

Paka mwenye virusi vya lukemia (hudhoofisha kinga na utengenezaji wa damu) akishapita miaka kumi, kila tatizo lake hupata jibu la haraka: "ni uzee" au "ni vile virusi." Majibu yote mawili humponza. Figo zinazochoka, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, meno mabovu na maumivu ya viungo humpata paka mzee yeyote, na mengi yana tiba au nafuu hata kama virusi vimo mwilini. Upungufu wa damu nao una sababu nyingi, na baadhi hutibika kwa dawa ya wiki chache. Kazi yako kubwa ni kuona mabadiliko mapema na kudai sababu yake ijulikane.

Hakikisha majibu ya kipimo

Kipimo cha haraka cha damu hutafuta p27, protini ya virusi. Paka mzee asiye na dalili akionekana ameambukizwa, mwombe daktari wa mifugo arudie kwa njia nyingine, hasa PCR, inayotafuta vinasaba vya virusi. Kuna paka ambao virusi huzunguka katika damu yao muda wote. Hao huambukiza wenzao na ndio wanaougua zaidi. Wengine miili yao imevidhibiti, vimebaki vimejificha ndani ya seli, ila vinaweza kuamka kinga ikishuka. Ndiyo maana kila daktari anayemwona lazima aambiwe hali yake kabla ya kumpa prednisoloni au dawa nyingine inayoshusha kinga. Dawa hizo zina nafasi yake, kwa mfano katika saratani ya matezi, lakini zisitolewe kwa kubahatisha.

Ukaguzi wa kila wiki

Tenga dakika kumi, siku ileile kila wiki, kabla hajala. Andika kila kitu kwenye daftari, kwa sababu macho yanayomwona paka kila siku hayaoni anavyokonda.

Mpime uzito kwa mizani ya watoto wachanga. Ya bafuni haioni tofauti ndogo. Paka wa kilo 4 aliyepungua gramu 200 amepoteza asilimia 5 ya mwili wake, na hapo ndipo pa kumpigia daktari simu, hata kama bado anakula. Paka anayekula sana huku akikonda apimwe thairoidi na sukari.

Inua mdomo wa juu utazame fizi. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Piga picha ya fizi siku aliyo mzima, kwenye mwanga wa mchana, uwe na cha kulinganishia. Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, tazama upande wa ndani wa kope la chini. Weupe ni ishara ya upungufu wa damu, na kwa paka huyu haupaswi kusubiri wiki ijayo.

Akiwa amelala usingizi, hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30 kisha zidisha kwa mbili. Kawaida ni chini ya 30 kwa dakika. Ikizidi mara kadhaa mfululizo, huenda kuna maji au uvimbe kifuani, au damu imepungua sana. Mwisho papasa chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti. Uvimbe mgumu ambao haukuwepo wiki iliyopita huenda ukawa saratani ya matezi.

Kwa daktari aende kila baada ya miezi 6. Omba hesabu kamili ya chembe za damu, vipimo vya figo na ini, mkojo, thairoidi, na shinikizo la damu. Hili la mwisho husahaulika, na paka mzee anaweza kupofuka ghafla kwa shinikizo ambalo hakuna aliyelipima.

Chakula na maji

Nyama mbichi, mayai mabichi na maziwa yasiyochemshwa viondoke kabisa. Kinga yake haina nguvu ya kupambana na salmonela wala vimelea vya toksoplazma. Mpe chakula kamili cha paka, cha maji kikiwezekana, kwa kuwa takribani robo tatu yake ni maji na figo za uzeeni zinayahitaji. Usimpunguzie protini kwa sababu tu amezeeka. Misuli ndiyo akiba yake. Kupunguza protini hufikiriwa vipimo vya figo vikionyesha haja.

Pua ikiziba au hamu ikipungua, pasha chakula mpaka kifikie joto la mwili ili harufu ipande, na ukigawe mara nne au tano kwa siku. Usimlazimishe kwa sirinji paka mwenye kichefuchefu: atakichukia chakula hicho hata akipona, na kikiingia njia ya hewa kitamletea nimonia. Omba dawa ya kichefuchefu na ya kuamsha hamu. Saa 24 bila kula kabisa zinatosha kumpeleka hospitali, maana siku chache za njaa hufanya mafuta ya mwili yarundikane kwenye ini, na ini likishafika hapo matibabu ni marefu na magumu.

Vitunguu na vitunguu saumu, hata vya unga ndani ya mchuzi, huharibu chembe nyekundu za damu. Kwa paka ambaye uboho wake, unaotengeneza damu, tayari unasuasua, hata kidogo ni kingi.

Kinywa

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Paka anayekimbilia sahani kisha anarudi nyuma, anayedondosha chakula, anayetoa mate au aliyeacha kujilamba hajakosa hamu: anaumwa kinywa. Fizi huvimba vibaya kwa paka wenye virusi hivi, na uzee pekee si sababu ya kukataa dawa ya usingizi ili meno mabovu yang'olewe. Vipimo vya damu na moyo ndivyo viamue. Paka asiye na meno hula vizuri chakula laini.

Dawa

Kila kidonge kifuatwe na mililita 5 hivi za maji kwa sirinji, taratibu kutoka pembeni ya mdomo, au kijiko kidogo cha chakula laini. Kidonge kikavu hukwama kooni. Doksisaikilini ndiyo mbaya zaidi kwa hili, kwani huunguza umio na kuacha kovu linalouziba. Na ndiyo dawa ambayo paka huyu anaweza kuandikiwa, kwa sababu hutibu bakteria wanaoshambulia chembe nyekundu za damu. Viroboto wanashukiwa kueneza bakteria hao, kwa hiyo kinga ya viroboto isikatizwe. Tumia ya paka tu. Ile ya mbwa yenye permethrini inaua paka. Parasetamoli pia inaua, hata kidonge kimoja.

Zidovudini hupunguza makali ya virusi kwa baadhi ya paka, lakini yenyewe inaweza kushusha chembe nyekundu, kwa hiyo haitolewi bila kupima damu mara kwa mara. Dawa ya kuvimaliza virusi haipo.

Nyumbani

Asitoke nje. Huko atapata maradhi ya wenzake, naye atawaambukiza kwa mate, kwa kulambana na kung'atana. Paka wengine wa nyumba wapimwe. Walio salama wachanjwe na wakae mbali naye, kila mmoja na vyombo vyake, kwani chanjo haikingi kwa asilimia mia. Virusi hufa upesi nje ya mwili, hivyo sabuni ya kawaida inatosha. Binadamu na mbwa hawaambukizwi.

Beseni la mchanga liwe na mlango wa chini, sentimita 8 hivi kutoka sakafuni, karibu na anapolala. Paka mzee anayekojoa kando ya beseni huenda anaumwa nyonga. Kagua kucha kila wiki mbili. Za paka mzee hujikunja na kuchoma nyayo.

Kupumua kwa mdomo wazi, fizi nyeupe, kuanguka, kupooza miguu ya nyuma au kushindwa kukojoa ni safari ya saa hiyohiyo, hata usiku.

Kwenye daftari lile, weka alama kila jioni: siku njema au mbaya. Siku njema ni aliyokula mwenyewe, akajilamba, akaja ulipo. Siku mbaya zikizidi njema kwa wiki mbili licha ya matibabu, zungumza na daktari kuhusu kumpumzisha kwa sindano, yaani kuyakatisha maisha yake bila maumivu. Uliza mapema kama daktari hufika nyumbani, na kama atampa kwanza dawa ya usingizi, ili asinzie akiwa mahali anapopajua, mkono wako ukiwa juu yake.