Kitunguu, chungwa na kansa ya mapafu: jinsi ya kumlisha mgonjwa

Huku Tanga mtu akishajulikana ana kansa ya mapafu basi mtaa mzima unamletea dawa, huyu unga wa majani yule mizizi. Mjomba wangu aliletewa vyote, mie ndo nilikuwa namuuguza, kwahiyo nawaeleza nilivyofanya.

Flavonoidi ni kemikali za asili za mimea, zimo kwenye mingi tunayokula. Maabara wakimwagia seli za kansa ya mapafu kwesetini, ile flavonoidi ya kwenye kitunguu, seli zinaacha kugawanyika na nyingine zinakufa. Hilo kweli kabisa, ila pale inamwagwa juu ya seli moja kwa moja, ukiila wewe utumbo unafyonza kidogo na ini linaigeuza kabla haijafika kwenye mapafu. Kwahiyo mpe kama chakula, matibabu ya hospitali yaendelee vilevile.

Ukienda soko la Mgandini chukua vitunguu vyekundu. Toa ganda kavu tu, yale matabaka ya juu usiyatupe maana kwesetini imejaa huko kuliko katikati, na usichemshe ukamwaga maji kwa sababu kwesetini inatoka inabaki humo, pika mchuzi mwepesi anywe wote. Chungwa la Muheza usilimenye likabaki jekundu, acha ule weupe kiasi maana ndo wenye hesperidini, flavonoidi ya chungwa, na ale na nyama zake asinyonye maji akatema makapi.

Balungi hapana!! Kama anameza erlotinibu au gefitinibu, vile vidonge vya hospitali vya kansa ya mapafu, balungi linazuia dawa isivunjwe mwilini, inazidi kwenye damu na madhara yanaongezeka.

Na vidonge vya "virutubisho" msinunue kiholela jamani. Ufini walijaribu kwa wanaume wavuta sigara 29,133, matokeo yakatoka 1994, waliopewa vidonge vya beta-karotini (siyo flavonoidi, ila nayo inatoka kwenye mimea na watu waliiamini hivihivi) kansa ya mapafu ikawa juu kwa asilimia 18 kuliko wasiopewa. Karoti yenyewe haina neno, shida ni kidonge.

Kingine, nunua daftari. Mie kila alichoonja mjomba nilikuwa naandika, siku na kiasi, hata ule unga wa jirani, kila kliniki naenda nalo. Daktari alipousoma huo unga akauliza una nini ndani, hakuna aliyejua, akasema usimamisheni leo, vitunguu na machungwa endeleeni navyo.