SOMO: Anga la alfajiri la Bellini kwa rangi ya yai (someni lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali la "mbona mawingu yangu yanaonekana ya saa saba mchana" nimelijibu hadi kwenye ujumbe wa faragha. Sasa basi. Kuanzia leo anayeuliza nitamwelekeza hapa.

Picha tunayonakili ni ya Giovanni Bellini wa Venezia, Yesu akisali Gethsemane, ya karibu 1460. Iko National Gallery, London: ubao wa sentimita 81 kwa 127, rangi ya yai, yaani rangi ya unga iliyochanganywa na kiini cha yai. Yesu kapiga magoti kwenye mwamba, Petro, Yakobo na Yohana wamelala, na kwa mbali Yuda anakuja na askari. Sisi watu hatuwagusi. Tunachora anga tu, kwenye ubao wa ukubwa wa daftari.

1. Ubao. Plaiwudi, gundi ya ngozi ya sungura iliyochanganywa na unga wa chaki, tabaka 6 hadi 8, kisha msasa laini. Jeso (rangi nyeupe ya msingi) ya akriliki ya kopo hainywi maji, rangi ya yai haiishiki vizuri.

2. Yai. Tenga kiini, kiviringishe kwenye tishu hadi kikauke, kibane kwa vidole viwili, kitoboe, kidondoke kikombeni. Ngozi yake tupa. Ongeza maji kiasi hicho hicho.

3. Rangi. Saga rangi ya unga na maji, changanya na yai nusu kwa nusu. Paka kidogo kwenye kioo, ikikauka kwangua kwa wembe: ikitoka utando mmoja iko sawa, ikitoka vumbi ongeza yai. Vaa barakoa unaposaga. Wazee wale walitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu. Wewe tumia ya titani.

4. Penseli. Mstari wa milima na mipaka ya mawingu. Basi.

5. Mpito wa anga. Hapa ndipo nilipoua ubao wangu wa kwanza, kazi ya jioni tatu. Nilikuwa mtu wa rangi ya mafuta, nikadhani nitapaka njano chini, buluu juu, halafu nipitishe brashi pana zilainike zikutane. Rangi ya yai haikusubiri, inakauka ukiwa bado unaitazama. Brashi ilipopita mara ya pili ikachota tabaka la chini, pakabaki madoa kama ukuta unaomenyeka kwa fangasi. Nikaziba. Njano na buluu zikaingiana, nikapata ukanda wa kijani katikati ya alfajiri ya Bwana!

Kwa hiyo andaa vikombe vitano: njano ya udongo iliyopauka, waridi, kijivu chenye uwaridi, buluu hafifu, buluu yenyewe. Usikiruke cha kijivu, ndicho kinachozuia kijani. Chovya brashi nyembamba, ikamue kwa vidole hadi iwe karibu kavu, vuta mistari ya mlalo kama nywele. Rangi mbili zinapokutana, mistari ya moja iingie kati ya mistari ya nyingine kama vitana viwili vilivyoingiliana. Kuchanganya ni kazi ya jicho la mtazamaji, si ya brashi yako. Tabaka 10 si nyingi. ONYO: usirudi juu ya mstari mbichi. ONYO tena: brashi ikidondosha tone, acha likauke, usilifute.

6. Mawingu. Jua la Bellini halijachomoza. Liko chini ya upeo wa macho, mwanga unapanda kutoka chini, kwa hiyo tumbo la wingu ndilo linalong'aa na mgongo wake ndio mzito. Mkono wako umezoea kinyume, kuweka nyeupe juu. Ukiuachia, mchana unaingia na hapo umeshaitoa picha Gethsemane.

7. Milima. Mwisho. Kahawia yenye wekundu kidogo.

MASWALI

chatu_mweusi: Mkuu, mawingu yangu yamekaa kama pamba, tatizo nini?

Mleta somo: Hatua ya 6.

chatu_mweusi: Nimesoma. Nyeupe nimeweka juu kama kawaida.

Mleta somo: Kama kawaida. Isome tena.

Kopo la Rangi: Naweza kutumia rangi za maji za watoto? Na hii gundi ya sungura lazima?

Mleta somo: Unaweza. Utapata picha ya rangi za maji za watoto. Gundi ni lazima. Sijaandika hatua ya 1 kujaza nafasi.

Mama Neema: Shikamoo mwalimu. Yohana anasema walikuja na taa na mienge, maana yake ulikuwa usiku. Mbona huyu kachora kunakucha?

Mleta somo: Marahaba dada, swali zuri sana. Ni kweli, Injili ni ya usiku. Nenda ukaiangalie ya Andrea Mantegna, jumba hilo hilo la London, tukio hilo hilo. Mantegna alimwoa Nicolosia, dada yake Bellini, kwa hiyo hawa ni mashemeji. Ya Mantegna ni miamba mikavu, mji umesimama mkali nyuma, kila kitu kimekatwa kama kwa patasi. Bellini akachukua habari ile ile akaweka uchungu kwenye saa: Yesu anaomba kikombe kimwepuke na siku yenyewe inaanza kuja, haizuiliki. Malaika anayeonyesha kikombe ni mwepesi, karibu unaona anga kupitia kwake. Hiyo ni tafsiri yangu, lakini tazama zile tumbo za mawingu kwanza ndipo unibishie.

Mama Neema: Nimeangalia. Sikubishii.

fundi_bao: Kidokezo: toboeni tundu dogo kwenye kadi ya kijivu, tazameni picha kupitia hapo. Ile "njano" ya upeoni mtashangaa ilivyopauka.

Mleta somo: Ahsante fundi, hilo nilisahau.

Kinyozi wa Tanga: Yai la kienyeji au la kisasa? La kienyeji kiini chake chekundu.

Mleta somo: Cennino Cennini, fundi wa Toscana, aliliandikia hilo karibu 1400: kuku wa mjini kiini chake kimepauka, kinafaa nyuso za vijana, wa shamba ni chekundu, kinafaa nyuso za wazee na za watu weusi kidogo. Kwa anga lolote litafaa, umanjano wa kiini hufifia wenyewe.

Kinyozi wa Tanga: Na ute? Kwangu wanalalamika unatupwa.

Mleta somo: Usitupe. Upige hadi utoe povu, uache usiku kucha, asubuhi chukua maji yaliyojichuja chini. Ndiyo gundi ya kubandikia jani la dhahabu, ile dhahabu iliyopondwa nyembamba kama karatasi.

chatu_mweusi: Nimegeuza, nyeupe chini. Sasa imekuwa alfajiri.

Mleta somo: Weka picha tuone.