Kabla hujanunua deki ya kanda na diski za zamani

Shemeji yangu alikuja na boksi: kanda 17 za VHS, ndogo 3 za kamera, na diski kadhaa zilizoandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito. Mashine alikuwa ameshanunua, ile yenye mlango wa kanda upande mmoja na wa diski upande mwingine. Mashine nzima, kanda nzima, lakini jioni yote hatukupata hata dakika moja ya picha inayofaa kuhifadhiwa. Hizi ndizo hatua nilizopaswa kumpa kabla hajatoa hela yake.

Hatua ya 1: Anza na boksi, mashine baadaye

Mwaga kanda zote mezani uzitenge kwa ukubwa. VHS ndiyo ile kubwa ya kawaida. Mkanda wake una upana wa milimita 12.7. VHS-C, ile ndogo ya kamera, ina mkanda huohuo, kwa hiyo unaitia ndani ya adapta yenye umbo la VHS na inacheza kwenye deki yoyote ya VHS. Adapta nyingi zina betri moja ndogo ndani. Betri ikiisha nguvu mkanda hauvutwi vizuri, nawe utadhani deki ni mbovu. Badilisha betri kwanza, ndipo ulaumu deki.

Video8, Hi8, Digital8 na MiniDV ni habari nyingine. Mikanda yake ni myembamba, na hakuna adapta ya kuiingiza kwenye deki ya VHS. Ukiona mtu anaiuza, ni adapta ya VHS-C iliyopewa jina lisilo lake. Hizo zitafutie kamera ya aina iliyozirekodi. Betamax nayo inataka deki ya Betamax. Kwa hiyo kama boksi lako limejaa Hi8, achana na deki. Wewe unahitaji kamera.

Ukiwa bado mezani, chungulia kila kanda kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe au madoa kwenye kingo za mkanda uliojiviringa, hiyo ni kuvu. Iweke pembeni, usiitie kwenye deki yoyote. Kanda moja yenye kuvu huchafua hedi (vichwa vidogo vinavyousoma mkanda), na hedi nazo zinazipaka zote zitakazofuata.

Hatua ya 2: Jua hiyo inayouzwa ni mashine gani hasa

Funai ya Japani, kampuni ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Kila deki utakayoiona leo imekwishatumika au imelala stoo miaka mingi. Usitegemee dhamana, tegemea macho yako.

Mashine za kanda na diski zimegawanyika, na hapa wengi hunaswa. Nyingi zinarekodi kwenye kanda lakini diski zinaisoma tu. Za kurekodi diski ni chache. Tazama alama zilizo karibu na mlango wa diski: ikiwa ipo ya DVD Video peke yake, hiyo ni ya kusoma. Ukiona DVD-R, DVD+RW au DVD-RAM, yaani aina za diski za kurekodi, uliza zaidi, kisha omba rimoti utazame kama ina kitufe cha kunakili kutoka kanda kwenda diski. Mashine isiyo na rimoti mimi siichukui, hata nikipewa bure. Nyingi zimeficha menyu zote kwenye rimoti, na bila menyu huwezi kubadili mfumo wa picha, wala kuifunga diski uliyorekodi ili isomeke kwenye mashine nyingine.

Msimamo wangu mimi, na shemeji hakuupenda: usinunue ya mbili kwa moja. Nunua deki ya VHS peke yake iliyo nzuri, na kinasa video cha kuchomeka USB kwenye kompyuta. Kwenye mashine ya pamoja, upande wa diski ukifa unabaki na boksi kubwa lenye nusu ya kazi, na upande wa kanda mara nyingi umetengenezwa kwa kubana gharama. Tena nyingi hutoa picha ya kanda kwenye plagi ya njano tu. Zile plagi nzuri zaidi za nyuma ni za diski peke yake. Ila kama huna kompyuta na hutaki kuwa nayo, basi ya pamoja inayorekodi diski itakufaa.

Hatua ya 3: PAL au NTSC

Hapa ndipo jioni yetu ilipoteketea, kwa hiyo nivumilie.

VHS ni umbo la kanda tu. Picha iliyomo ilirekodiwa kwa mfumo wa televisheni wa kule kanda ilikotoka: PAL, yenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, NTSC, yenye mistari 525 na picha karibu 30, au SECAM, ambayo kwenye deki ya PAL huonekana nyeusi na nyeupe. Kwa nje kanda zote zinafanana kama mapacha.

Kanda 4 kati ya zile 17 zilitumwa na ndugu aliyekuwa akiishi Marekani, yaani NTSC. Mashine ya shemeji ilikuwa ya PAL, na usoni imeandikwa kwamba inacheza NTSC. Tukaitia kanda, TV ikaonyesha picha safi, rangi zote. Tukabonyeza kitufe cha kurekodi tukaiacha iende saa 2. Kuja kuangalia diski, picha ni nyeusi na nyeupe na inapanda juu kama pazia linalovutwa. "Shemeji, mbona imekuwa ya mwaka 47?" Tukabadilisha waya. Tukabadilisha diski. Tukasafisha hedi. Tukazima tukawasha. Kwenye TV safi, kwenye rekodi vurugu.

Kosa halikuwa la kitu chochote tulichokishika. Deki ya PAL inayosema inacheza NTSC kwa kawaida haigeuzi picha kuwa PAL. Inatoa kitu cha katikati kinachoitwa PAL60: mistari 525 na mwendo wa NTSC, lakini rangi zimefungwa kwa mtindo wa PAL. TV nyingi zinaumeza mchanganyiko huo bila kulalamika. Rekoda ya diski na vinasa vingi vya USB haviuelewi. Vinatafuta NTSC kamili au PAL kamili, na visipoipata vinapoteza rangi, au picha inaporomoka.

Kwa hiyo:

Kanda zako zote zikiwa za mfumo mmoja, nunua deki ya mfumo huo na uruke sehemu hii yote. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Zikiwa zimechanganyika, ingia kwanza kwenye menyu ya deki uone kama inakuruhusu kuchagua NTSC 3.58 (ndiyo NTSC kamili) badala ya NTSC on PAL TV (ndiyo PAL60). Baadhi zina swichi ndogo nyuma. Ikikubali, kinasa nacho kiweke kwenye NTSC, na mambo yanaweza kuishia hapo. Isipokubali, angalia kama programu ya kinasa ina chaguo la PAL-60, vipo vinavyokubali.

Vyote vikigoma, tafuta deki ya NTSC yenyewe, ile iliyotengenezewa Marekani au Japani. Tahadhari: soma kibandiko cha umeme nyuma. Ikiwa imeandikwa 120 V au 100 V na soketi yako ni ya 230 V, usiichomeke kamwe bila transfoma ya kushusha umeme. Itaungua kabla hujaliona jina lake kwenye kioo.

Zipo pia deki za mifumo yote zinazogeuza picha kweli ndani kwa ndani, kama Samsung SV-5000W na Panasonic NV-W1. Zinafanya kazi, ila wenye nazo wanaijua thamani yake, na kwa kanda 4 sikuona haja.

Usiamini lebo. T-120 ni kanda tupu iliyopimwa kwa dakika za NTSC, E-180 kwa dakika za PAL, lakini mtu wa PAL angeweza kuinunua T-120 na kuirekodia karibu saa 3. Lebo inakuambia kanda tupu ililengwa kuuzwa wapi, haikuambii nani aliirekodi. Kinachoamua ni jaribio, na jaribio ni hili: rekodi dakika moja, simamisha, kisha tazama *ile rekodi*. Picha ya moja kwa moja kwenye TV si ushahidi. Laiti ningefanya hivyo tangu mwanzo ningelala mapema.

Hatua ya 4: Ijaribu mbele ya muuzaji

Nenda na kanda yako ambayo hata ikiliwa hutalia. Itie, icheze dakika 10, ipeleke mbele, irudishe nyuma, itoe. Fungua kile kifuniko cha mbele uukague mkanda: mikunjo au ukingo uliojipinda maana yake rola ya mpira imekauka au njia ya mkanda haijakaa sawa. Ondoka.

Mistari ya chenga chini au juu ya picha mara nyingi hurekebishika kwa kitufe cha tracking, kile cha kuzilinganisha hedi na mkanda. Chenga zilizotanda skrini nzima huwa ni hedi chafu. Hedi husafishwa kwa karatasi laini isiyotoa nyuzi, iliyoloweshwa alkoholi ya isopropili: shikilia karatasi pale pale na uzungushe ngoma (ile silinda yenye hedi) kwa mkono. Usisugue juu-chini, na usitumie vijiti vya pamba vya masikioni, maana nyuzi hunasa kwenye hedi na kuivunja. Na uwe umechomoa umeme.

Chagua deki yenye alama ya Hi-Fi. Sauti nzuri ya stereo imeandikwa na hedi zinazozunguka, na deki isiyo na Hi-Fi itakupa ule mstari wa pembeni tu, wenye mvumo.

Hatua ya 5: Diski

Diski zilizorekodiwa nyumbani zisiposomeka, mara nyingi hazijaharibika, hazikufungwa. Rekoda ilitaka mwenyewe achague Finalize kwenye menyu baada ya kumaliza, na wengi hawakufanya. Zirudishe kwenye rekoda ileile kama bado ipo, uzifunge. Kama haipo, programu ya IsoBuster kwenye kompyuta huweza kuzitoa. DVD-RAM zina wasomaji wachache, hakikisha mashine ina alama yake. VCD zilizochomwa nyumbani zilikuwa zinakataliwa na mashine za DVD za mwanzo, kwa sababu leza ya DVD haiakisiwi vizuri na rangi ya CD-R. Nenda nayo moja ya kujaribia.

Ukirekodi mwenyewe kwenye diski ya GB 4.7, weka SP, yaani saa 2. Hiyo ya saa 6 inaziua nyuso za watu.

Hatua ya 6: Kuunganisha

Njano picha, nyekundu na nyeupe sauti. Kama pande zote mbili zina S-Video (plagi ya duara yenye pini ndogo) na deki ni ya S-VHS, yaani VHS ya picha bora zaidi, tumia plagi hiyo badala ya njano.

Picha ikipinda juu kama bendera kwenye upepo, mapigo ya kanda, yale yanayoipanga mistari ya picha, yamechoka. Hapo rekoda ya zamani ya Panasonic DMR-ES10 au ES15 ina kazi: waya wa deki uingie kwake, wa kwenda kwenye kinasa utoke kwake, bila kurekodi diski yoyote. Inainyoosha mistari vizuri ajabu. Ukiambiwa kanda ya harusi ya nyumbani "imelindwa dhidi ya kunakiliwa", usishangae. Uchafu wa kanda kuukuu wakati mwingine mashine huusoma kama alama ya ulinzi, na kupitia njia hiyohiyo mara nyingine husaidia.

Nilitaka kusahau: kabla kanda yoyote haijaingia kwenye deki inayorekodi, vunja kile kijino cha plastiki mgongoni mwake, ili isiweze kurekodiwa juu yake. Kwenye VHS-C na za 8mm (Video8, Hi8 na Digital8) mara nyingi ni kidude cha kusogeza. Shemeji alikuwa ameshika rimoti, kidole juu ya REC, akiuliza "hiki ndicho cha kuanza?"