Dondoo kwa wanaoandika msimbo wa Plasma: kubalianeni majina kwanza

Kabla ya kuripoti hitilafu au kutuma kiraka (badiliko la msimbo) katika mradi wa KDE, hakikisha kwamba unakiita kila kipande cha Plasma, yaani mazingira ya eneo-kazi ya KDE, kwa jina linalotumiwa na watunzaji wake, kwa maana jina ndilo linaloamua ripoti itafika mezani kwa nani. Paneli, mandhari ya eneo-kazi na wijeti (vijiprogramu vya kwenye skrini, kama saa) huchorwa na programu ya plasmashell, ilhali fremu za madirisha na pau zake za kichwa ni kazi ya KWin, kisimamizi cha madirisha. Kwa hiyo anayeandika tu kwamba "upau umetoweka" huwalazimisha wenzake wakisie ni upau upi.

Mkanganyiko mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye wijeti. Mtumiaji huona neno hilo kwenye menyu, lakini ukifungua faili la mipangilio la plasma-org.kde.plasma.desktop-appletsrc utakuta wijeti zimeorodheshwa kama Applets, chini ya kundi la Containments, yaani vile vyombo vinavyozibeba. Paneli ni chombo cha aina hiyo, na eneo-kazi lenyewe pia, jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii.

Vilevile usichanganye eneo-kazi pepe (Virtual Desktop) na shughuli (Activity): la kwanza hugawa madirisha, na ya pili inaweza kuwa na picha yake ya usuli na wijeti zake. Katika maelezo ya kiraka, tumia jina la ndani ya msimbo. Katika maandishi ya skrini, tumia lile analoliona mtumiaji.