SOMO: Kuangalia manii ya mdudu wa kabatini kwa hadubini ya kawaida (na kile ambacho hutakiona)

Naulizwa kila mara: "Mkuu, nimekuza mpaka mwisho, mbona sioni 9+9+2?" (yaani mpangilio wa mirija midogo sana ndani ya mkia wa manii: 9 ya ziada kwa nje, jozi 9, na miwili katikati.) Naandika mara moja, na kila atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Tunamtumia yule mwenye magamba ya rangi ya fedha na mikia mitatu, anayetafuna vitabu. Ukoo wake ni wa kale, tangu kabla wadudu hawajapata mabawa.

1. Mkamate. Chupa ya kioo, unga kidogo ndani, tepu ya karatasi nje ili apande. Akiingia hatoki, kioo kinateleza.

2. Chagua dume. Jike ana mrija wa kutagia mayai nyuma ya tumbo, dume hana.

3. Mweke kwenye friji mpaka atulie, kisha kata kichwa haraka.

4. Pasua tumbo ndani ya tone la saline (maji ya chumvi) ya 0.9%, ile ya drip inayouzwa duka la dawa. HAPA NDIPO SLAIDI NYINGI ZINAHARIBIKA. Maji ya bomba, ya kisima, ya chupa, hata yaliyochujwa maabara, yote hayafai: yanaingia ndani ya seli, seli inavimba na mkia unajikunja. Ubaya wake ni kwamba kolembola, wale wadogo wanaoruka kwenye majani yaliyooza, manii yao yakikomaa hujiviringisha kweli. Kwa hiyo ukitumia maji unapata uongo unaofanana na ukweli, na utauandika kwenye ripoti bila wasiwasi. Pili, zima feni. Kwa joto la Dar tone hukauka upesi, chumvi inazidi na seli zinasinyaa. Paka vaselini pembezoni mwa kioo cha kufunikia. Tatu, usikandamize.

5. Toa korodani, zichane kwa sindano mbili, funika. Anza na lenzi ya 10, kisha 40, diafragma (tundu la kupitishia mwanga) ukiibana.

Utaona vifuko vya seli. Ndani ya kifuko kimoja seli zote ziko hatua moja, kwa sababu zimetokana na seli moja na hazikutengana kabisa zilipogawanyika. Kifuko hiki kina seli za duara, kile zimeanza kurefuka, kingine ni fungu la nyuzi.

9+9+2 hutaiona. Mrija mmoja una upana wa nanomita 25 hivi, na mwanga hautenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200. Inahitaji hadubini ya elektroni. Kununua lenzi ghali zaidi hakusaidii.

MASWALI

— Mkuu nimefuata zote sioni kitu, nyuzi zimejikunja tu.
— Ulitumia nini hatua ya 4?
— Maji ya kunywa, ni masafi lakini.
— Rudia hatua ya 4.

— Dume nitamjuaje?
— Hatua ya 2.

— Somo bila picha ni porojo.
— Picha nzuri za elektroni zina wenyewe, siwezi kuzichukua. Hatua zote nimeandika kwa maneno. Uliyekwama sema umekwama wapi.

— Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba Protura ni ndugu wa kale wa wadudu, na baadhi yao manii hayana mkia. Ina maana mkia ulikuja baadaye?
— Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Hapana. Mkia wenye jozi 9 za mirija na miwili katikati uko kwa wanyama wengi na hata baadhi ya miani, kwa hiyo ni wa kale kuliko wadudu wote. Mirija 9 ya ziada kwa nje, inayofanya 9+9+2, iko kwa kolembola na Diplura (jamaa wengine wasio na mabawa), na pia kwa wadudu wengi wenye mabawa. Protura ndio walioacha njia: wengine wana jozi 12 au 14 bila ile miwili ya kati, na mmoja wao, Eosentomon, amepoteza mkia kabisa. Kuwa rahisi si kuwa wa kwanza. Ukipata nafasi, tafuta kazi ya watafiti Dallai na Afzelius ya 1990: waliweka asidi ya taniki kwenye dawa ya kuhifadhi seli, wakaweza kuhesabu nyuzi zinazounda kila mrija. Ile ya ziada ina nyuzi 13 kwa kolembola, 16 kwa wadudu wengi wenye mabawa. Tofauti hiyo ndogo inasaidia kupanga ukoo.

— Asante mwalimu. Kolembola nawapata wapi hapa mjini?
— Majani yaliyooza chini ya mwembe, penye unyevu. Weka kwenye faneli yenye wavu, taa juu, chombo chini. Chini weka tishu mbichi badala ya spiriti, maana unawataka wakiwa hai.

— Naongezea: balbu ya LED haifai, haitoi joto la kutosha kuwashusha. Tafuta ile ya zamani ya waya.
— Kweli kabisa, dada. Na isiwe karibu sana, majani yakikauka ghafla wanafia humo humo juu.